Bitcoin Ilipopelekwa Sokoni

Tarehe 7 Septemba 2021, El Salvador iliitambua Bitcoin kuwa fedha halali, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Rais Nayib Bukele hakubana mkono. Raia aliyejiunga na Chivo, pochi ya simu ya serikali, alizawadiwa Bitcoin ya dola 30. Siku hiyohiyo bei iliporomoka kutoka takriban dola 52,000 hadi karibu 43,000.

Wanauchumi waliohoji kaya 1,800 nchini humo walikuta wengi wa waliopakua Chivo walizitumia zile dola 30, kisha wakaachana nayo. Wasalvador hutegemea sana pesa za ndugu walio Marekani, na hapo ndipo Bitcoin ilipotarajiwa kung'ara; lakini mwaka 2022 zilizopitia pochi za sarafu za kidijitali hazikufika asilimia 2. Januari 2025, kufuatia makubaliano ya mkopo wa dola bilioni 1.4 na IMF, bunge liliondoa ulazima wa kupokea Bitcoin.

Kosa si la watu. Mtandao wa Bitcoin hupitisha miamala kama saba tu kwa sekunde, kwa dunia nzima, na foleni ikirefuka anayelipa ada kubwa ndiye anayetangulizwa. Aprili 20, 2024, wastani wa ada ulizidi dola 100 kwa muamala mmoja. Nani atanunua nyanya kwa ada hiyo? Upo mfumo wa Lightning, unaopitisha malipo madogo nje ya daftari kuu kwa ada ndogo, ila hautulizi bei ya sarafu yenyewe.

Watetezi husema basi, kama haifai sokoni, inafaa kuwa kinga shilingi inaposhuka. Hesabu ya Kenya inawakatalia. Novemba 2021 dola ilikuwa kama shilingi 112. Mwaka mmoja baadaye ilifika takriban 122, hivyo aliyebaki na shilingi alipoteza chini ya sehemu moja ya kumi. Bitcoin, katika muda huohuo, ilitoka karibu dola 69,000 hadi chini ya 16,000.

Ni kweli, aliyenunua Januari 2024, dola ilipogusa shilingi 160, alifunga mwaka pesa yake ikiwa imeongezeka sana. Lakini mwaka huo shilingi nayo ilipanda hadi karibu 129. Alichopata ni faida ya kubahatisha; kinga hakuihitaji.

Wanaoikimbia sarafu inayoyeyuka, Nigeria au Argentina, mara nyingi hukimbilia USDT, sarafu ya kidijitali iliyofungamanishwa na dola. Wanachotaka ni dola, na hata hapo usalama wao unategemea akiba ya kampuni inayoitoa. UST, sarafu nyingine ya aina hiyo iliyoahidi thamani ya dola moja bila akiba kamili nyuma yake, ilianguka Mei 2022.

Mwenye karo ya kulipa Januari asiiweke kwenye Bitcoin.