Kinyama cha Jicho: Kipi cha Kungoja na Kipi cha Kuwahisha

Tangu Kwimba na Magu hadi visiwa vya Ukerewe, wanachama wengi wa vyama vya msingi hushinda juani: katika palizi ya pamba, uanikaji wa dagaa mchangani na uvuvi. Jua hilo, likiongezewa na lile linalorudishwa na maji, pamoja na vumbi na upepo, ndilo chanzo kikubwa cha kinyama cha jicho. Hicho ni kijitando cha pembe tatu kinachoota kwenye weupe wa jicho, aghalabu upande wa pua, na kutambaa polepole kuelekea kwenye kioo. Si saratani, wala hakiambukizi.

Kikiwa kidogo huachwa, jicho likalindwa kwa kofia pana na miwani ya jua. Upasuaji hufaa kinapokaribia mboni au kinapopunguza uwezo wa kuona. Ikumbukwe kwamba kikikatwa tu hurudi mara nyingi. Ndiyo sababu daktari hupandikiza mahali pake utando uliotolewa sehemu nyingine ya jicho.

Uvimbe wa kope ni jambo jingine. Chokea huuma na kuleta wekundu. Kifundo kigumu kisichouma hutokana na tezi ya mafuta iliyoziba. Tiba ya yote mawili ni kukanda kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, dakika 10, mara 4 kwa siku, bila kuminya. Kifundo kikidumu hupasuliwa. Kikirudi pale pale kwa mtu mzima, kipande chake hupimwa maabara.

Penye hatari ni hapa. Katika Afrika ya Mashariki saratani ya utando wa jicho si adimu, hasa kwa wenye virusi vya UKIMWI, nayo mwanzoni hufanana mno na kinyama. Kinachokua upesi, chenye weupe kama ukoko au mishipa minene, kisingojewe mauzo ya pamba. Mboni ya mtoto inayong'aa weupe nayo haisubiri hata juma moja.

Wapo wanaotia jichoni maji ya majani, au matone ya dukani yasiyoandikwa na mganga. Hayo yameharibu macho ambayo kinyama chenyewe kisingeyapofusha.

Katibu akiona mwanachama hawezi tena kusoma mzani au stakabadhi yake, amwelekeze hospitali ya wilaya. Wenye kuhitaji zaidi hupelekwa Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Aende na kila dawa aliyokwisha kutia jichoni, hata ya kienyeji, ili daktari aione.