Mkuu wa Utafiti wa Kompyuta Marekani: Tiba Inahusikaje?

Mwaka 2023 Wizara ya Nishati ya Marekani ilimteua Ceren Susut kuongoza mpango wake wa utafiti wa kompyuta za kisayansi, baada ya Barbara Helland kustaafu. Wodini habari hiyo haikuzungumzwa, na si ajabu: nishati, kompyuta na mgonjwa huonekana kuwa mambo yasiyokutana.

Yanakutana. Mpango huo, wenye bajeti ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka, hugharimia baadhi ya kompyuta zenye uwezo mkubwa kuliko zote duniani. Mojawapo, Frontier, iliyopo Oak Ridge katika jimbo la Tennessee, ilitangazwa Mei 2022 kuwa ya kwanza kuthibitishwa kupiga hesabu bilioni moja mara bilioni moja kwa sekunde.

Tofauti na mkurugenzi wa Ofisi ya Sayansi aliye juu yake, mkuu wa mpango huu hahitaji kuthibitishwa na Seneti. Ni mtumishi wa umma. Utaratibu huo una busara yake. Kompyuta ya namna hii huagizwa chini ya serikali moja na kuzinduliwa chini ya nyingine, hivyo inahitaji msimamizi asiyebadilika kwa kila uchaguzi. Summit, iliyoitangulia Frontier hapo Oak Ridge, ilitangazwa mwaka 2014 na kuzinduliwa Juni 2018. Walioiagiza hawakuwa na habari ya UVIKO-19. Lakini Februari 2020 watafiti wawili waliitumia kuchunguza kemikali zaidi ya 8,000, wakitafuta zinazoweza kushikamana na protini ya miiba ya kirusi cha korona, wakapata 77 zilizostahili kufuatiliwa.

Hizo 77 hazikuwa dawa. Kompyuta ilipepeta tu. Kupima usalama na ufanisi kulibaki kazi ya maabara, kisha ya majaribio kwa binadamu. Mgonjwa anayesikia kwamba "kompyuta imegundua dawa" anastahili kuelezwa tofauti hiyo waziwazi.

Katika saratani, wizara hiyo imeshirikiana na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Sehemu moja ya ushirikiano huo inamgusa mhudumu wa afya moja kwa moja: kompyuta hufundishwa kusoma ripoti za patholojia na kutoa taarifa za sajili, kama vile kiungo kilichoathirika na aina ya uvimbe. Ripoti isiyotaja ni titi la kulia au la kushoto haiwezi kukamilishwa na mashine, hata iwe na kasi kiasi gani. Mnyororo huanzia kwa aliyejaza fomu.

Mkuu wa mpango hapigi hesabu hizo mwenyewe. Uamuzi wake ni juu ya mashine ipi ijengwe, hisabati na programu zipi zigharimiwe, na akili bandia ipewe nafasi gani. Muda wa kutumia mashine hugawanywa kwa ushindani, hasa kupitia mpango uitwao INCITE, ambao hupokea pia maombi ya watafiti walio nje ya Marekani. Mtafiti wa malaria au selimundu anaweza kuomba. Kikwazo kikubwa ni kuwa na wataalamu wa kuandika programu inayoweza kugawanya kazi moja kwa maelfu ya prosesa kwa wakati mmoja.