Ukibadilisha geji za pikipiki ya safari, anza na ya betri

Mmoja wetu hapa ofisini alitoka Isiolo asubuhi na pikipiki yake, akaenda zaidi ya kilomita 250 hadi Marsabit. Simu ilikuwa kwenye usukani njia nzima, ramani imewashwa, waya wa chaja umechomekwa. Alipofika kwenye pampu ya mafuta simu ilikuwa imezima, na alipobonyeza stata, kimya. Pesa alikuwa nazo, lakini zote zilikuwa ndani ya hiyo simu.

Kumbe rektifaya, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri, kilikuwa kimekufa njiani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mwezi huo tu alikuwa ameweka dashibodi mpya ya kidijitali, rangi safi kabisa, ila haina sehemu ya kuonyesha volti.

Sisi ni watu wa malipo, si mafundi. Lakini kama simu yako ndiyo mfuko wako, basi betri ya pikipiki nayo inatuhusu. Ndiyo maana tunasema: kabla ya kununua dashibodi ya kung'aa, nunua voltimita. Ni kageji kadogo, bei yake haifiki karibu na ya dashibodi nzima.

Kuisoma ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika, betri nzima huonyesha karibu volti 12.6. Ukiwa unaendesha, itarajie kati ya 13.5 na 14.5. Ikishuka kidogo ukiwa umesimama kwenye foleni na taa zimewaka, usishtuke. Lakini ikibaki 12 na kuendelea kushuka ukiwa barabarani, betri inaliwa bila kurudishiwa: zima taa za ziada, chomoa chaja, tafuta fundi mji unaofuata. Ikipita 15, rektifaya haidhibiti tena, na umeme huo unaweza kuharibu betri, balbu, hata chaja ya simu.

Mwambie fundi aunganishe voltimita kwenye waya unaopata umeme ukishawasha ufunguo tu, na aweke fyuzi ndogo. Ikiunganishwa moja kwa moja kwa betri itakula umeme usiku kucha, polepole, hadi siku utakayokuta pikipiki haiwaki.

Ukiamua kubadilisha spidomita pia, jua kwamba mpya haijui tairi lako. Za kidijitali huhitaji kuwekewa mzingo wa gurudumu, na ukikosea, kila hesabu inakosewa. Mita ikizidisha kwa asilimia 10, kilomita 300 itakuandikia 330, na hesabu yako ya mafuta inaharibika hapo hapo. Ilinganishe na mwendo unaoonyeshwa na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka. (Mwambie mwenzako aliyebebwa asome, si wewe.) Geji ya mafuta nayo lazima ipatane na floti iliyo ndani ya tangi, la sivyo itakuambia nusu wakati umebaki na harufu.

Halafu piga picha ya kilomita za mita ya zamani kabla haijatolewa. Dashibodi mpya nyingi huanza na sufuri, na siku ya kuuza pikipiki, mnunuzi atauliza. Picha hiyo pamoja na ujumbe wa malipo wenye tarehe na jina la duka vitakujibia.

Na hapo kwa malipo ndipo tunaona watu wakilia. Muuzaji wa mtandaoni anatuma picha nzuri ya dashibodi, bei ya kutupa, anataka pesa zote kwanza, tena kwa nambari yake binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka nambari ya siri. Kama si jina ulilopewa, acha. Pesa zikishatolewa kwa wakala, hata ukituma ombi la kurudishiwa, tutakuta akaunti tupu. Afadhali uende dukani, Kirinyaga Road kwa mfano, umwombe auzaye aiwashe hiyo geji kwenye betri mbele yako, ndipo ulipe kwa nambari ya till ya duka.

Mwenzetu wa Marsabit aliokolewa na mwendesha boda aliyemwazimia kabambe. Alihamishia laini yake humo, akaingia kwenye menyu, akalipa mafuta na fundi. Siku hizi anabeba kabambe yake mwenyewe chini ya kiti, imechajiwa na kuzimwa, pamoja na noti chache za mia mia.