UGAVI NA MAHITAJI YA KEMIKALI YA CDT: KIWANDA KIMOJA NA MAGARI YA DUNIA NZIMA

Inafahamika kwamba bei ya bidhaa hupanda pale mahitaji yanapozidi ugavi. Jambo lisilofahamika sana ni kuwa zipo bidhaa ambazo zikipungua, bei huwa si tatizo la kwanza. Tatizo ni kuwa bidhaa yenyewe haipatikani kwa fedha yoyote. Mfano ulio dhahiri ni kemikali iitwayo siklododekatrieni, kwa kifupi CDT, itokanayo na mafuta ya petroli.

CDT hutengenezwa kwa kuunganisha molekuli tatu za gesi ya butadieni zikawa pete moja yenye atomi 12 za kaboni. Pete hiyo hupitishwa katika hatua kadhaa hadi ikawa poliamidi 12, ambayo ni aina ya nailoni. Nailoni hii hainyonyi maji mengi, haidhuriwi na petroli na haipasuki kwa baridi. Kwa hiyo hutumika kutengenezea mirija ya mafuta na ya breki za magari. Katika gari moja huingia kiasi kidogo tu, lakini gari lisilo na mirija hiyo haliwezi kutoka kiwandani.

Tarehe 31 Machi, 2012, mtambo wa CDT wa kampuni ya Evonik huko Marl, Ujerumani, ulilipuka na kuungua. Wafanyakazi wawili walifariki dunia. Watengenezaji wa CDT duniani walikuwa wachache mno, na mtambo huo ulikuwa miongoni mwa wakubwa wao. Tarehe 17 Aprili, wawakilishi wapatao 200 wa makampuni ya magari na ya vipuri walikutana katika jimbo la Michigan, Marekani, kutafuta mbadala.

Mbadala ulikuwepo. Poliamidi 11, iliyo jamaa ya karibu ya poliamidi 12, hutokana na mafuta ya nyonyo, yaani ya mbegu za mbarika, mmea ambao huku kwetu huota hata kando ya nyumba. Lakini sehemu ya breki haibadilishwi kama kubadilisha rangi ya kiti: kila mrija wa malighafi mpya hauna budi kupimwa na kuidhinishwa kwanza, na kazi hiyo huchukua miezi. Mtambo wa Marl ulirejea kazini mwishoni mwa mwaka 2012.

Ugavi wa CDT una udhaifu mwingine. Butadieni kwa kiasi kikubwa hupatikana kama zao la pembeni pale viwanda vinapotengeneza ethilini, malighafi ya plastiki. Mwenye kiwanda huangalia soko la ethilini, si la butadieni. Hivyo mahitaji ya butadieni yanaweza kupanda na ugavi wake usisogee.

Kwa upande wa mahitaji, CDT ilitumika pia kutengenezea HBCD, dawa ya kuzuia moto iliyotiwa katika maboya ya kuhami majengo. Mwezi Mei, 2013, HBCD iliingizwa katika orodha ya kemikali za kuondolewa chini ya Mkataba wa Stockholm, na mlango huo wa soko ukaanza kufungwa. Wakulima wa karafuu wa Unguja na Pemba hawahitaji kuelezwa sana maana yake: Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilipojitosheleza kwa karafuu zake katika miaka ya 1980, bei ilianguka bila ya mkulima kufanya kosa lolote.

Soko la poliamidi 12, hata hivyo, halikuanguka. Magari ya umeme hayana mrija wa petroli, lakini yanahitaji mirija ya breki na ya kupoza betri. Mwaka 2021 Evonik ilizindua mitambo mipya ya nailoni hiyo, iliyogharimu yuro zipatazo milioni 400, ili kuongeza uwezo wake kwa zaidi ya nusu. Mitambo hiyo ilijengwa pale pale Marl.