Mpira wa Kioo cha Mbele

Mkata, mji mdogo wa Wilaya ya Handeni ambapo njia ya kwenda Handeni mjini inaachana na barabara kuu ya Chalinze–Segera, hupitiwa na malori na mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha, na kokoto iliyobanwa katikati ya matairi pacha ya lori ikichomoka huishia kwenye kioo cha mbele cha gari linalofuata. Kioo hicho hakimwagiki chembechembe kama cha mlangoni, kwa kuwa ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, ubunifu ambao mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus aliuombea hataza mwaka 1909. Hupata ufa tu, na ufa ukishafika ukingoni kioo hubadilishwa.

Kinachowachanganya wenye magari ni mpira unaokizunguka, kwa sababu jina ni moja na kazi ni mbili. Katika magari mengi ya zamani mpira ndio unaoshika kioo: una mifereji miwili, mmoja ukimeza ukingo wa kioo na mwingine bati la fremu. Fundi hukivisha kioo mpira, hulaza kamba katika mfereji wa pili hadi ncha zipishane chini, hupaka maji ya sabuni, kisha mwenzake akikandamiza kwa viganja kutoka nje, yeye huivuta kamba kutoka ndani, taratibu, mdomo wa mpira ukilipanda bati kidogo kidogo mpaka kioo kikae.

Katika gari ndogo za kisasa mpira hufunika mwanya na kuelekeza maji tu. Kinachoshika ni yurithani, gundi inayokauka kwa kufyonza unyevu wa hewani. Kioo kibovu hukatwa kwa waya mwembamba unaovutwa na watu wawili kama msumeno, gundi ya zamani huachwa utando wa milimita 1 au 2, na mkwaruzo uliofika kwenye bati hupakwa praima, yaani rangi ya awali ya kuzuia kutu, hatua iliyo rahisi kurukwa maana mpira ukishavikwa haionekani tena. Vivyo hivyo silikoni ya madirisha ya nyumba, ikipakwa badala ya yurithani, hujificha chini ya mpira ulionyooka vizuri, ilhali kioo kisiposhikwa imara mfuko wa hewa wa abiria, ambao katika magari mengi hufumuka ukiegemea kioo hicho, hukosa pa kuegemea.

Muda wa kusubiri gundi ikauke kabla ya kuendesha gari huandikwa na mtengenezaji wa gundi, na wakati wote huo dirisha moja huachwa wazi kidogo, kwani mlango ukibamizwa hali vioo vyote vimefungwa, hewa iliyokosa pa kutokea hukisukuma kioo kikiwa bado juu ya gundi mbichi.