Kwa Basi Hadi Kinamasi cha Mto Mara

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamelivuka daraja la Kirumi mara nyingi kuliko mimi, maana ndiyo njia ya kwenda Musoma na Mwanza. Lakini nadhani walio wengi, basi lifikapo pale, huwa wamesinzia, au wanamwangalia kondakta kama atawarudishia chenji yao. Atokaye Tarime akakaa dirishani upande wa kushoto huona uwanda wa kijani usio na mwisho. Si mahindi yale, ni mafunjo. Ndicho kinamasi cha Mto Mara, nami napenda kueleza jinsi mwanafunzi asiye na motokaa wala fedha nyingi awezavyo kwenda kutembea kandokando yake, na kwa nini inafaa aende.

Mto huu unaanza katika vilima vya Mau huko Kenya, unapita Maasai Mara na Hifadhi ya Serengeti ambako nyumbu huuvuka, kisha unatoka hifadhini na kupita kati ya wilaya yetu ya Tarime na wilaya ya Serengeti. Urefu wake wote ni karibu kilomita 400. Wageni hutoka ng'ambo ya bahari kuja kutazama mahali pa nyumbu. Sehemu ya chini, ambayo ni yetu sisi, haiji mtu. Kwa bahati njema barabara mbili za basi zinaukata mto: ile ya Tarime kwenda Mugumu kwa njia ya Nyamongo huuvuka kabla haujaingia kinamasini, na ile ya Musoma huuvuka Kirumi, ukiisha kutoka. Kinamasi chote kimo kati ya madaraja hayo mawili.

Jambo hilo ndilo lililompa mwalimu wetu wa Jiografia shauri. Alituambia tuchote maji ya mto chupa moja kila darajani, tuyalinganishe. Jumamosi ya kwanza tulikwenda daraja la juu, Jumamosi ya pili Kirumi. Maji ya juu yalikuwa kama chai ya maziwa. Ya Kirumi yalikuwa na rangi ya manjano kidogo, lakini uliweza kusoma maandishi yaliyo nyuma ya chupa. Tukarudi tukijisifu njia nzima. Mwalimu akatuuliza neno moja tu: "Mvua ilinyesha lini?" Ilinyesha usiku wa kuamkia Jumamosi ya kwanza, tena kubwa. Tukanyamaza.

Basi muhula uliofuata tuligawanyika makundi mawili, tukachota siku moja, saa nne asubuhi, kila kundi kwenye daraja lake. Tulipoziacha chupa zikatulia usiku kucha, ile ya juu ilikuwa na tope la unene wa kidole, na ile ya Kirumi tope lake halikuenea hata chini ya chupa. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko tuliyojisifia mwanzoni, lakini ilikuwapo. (Hata hapo mtu aweza kubisha, maana maji yanayotoka Kirumi leo siyo yaliyoingia leo. Yanachukua muda kupenya mafunjoni. Mwenye njia bora na atuambie.)

Sababu yake si ngumu. Maji yaendayo mbio hubeba udongo. Yakitawanyika katikati ya mashina ya mafunjo hupunguza mwendo, na udongo huzama. Funjo hukua mpaka mita nne au zaidi, na mizizi yake hushikana kama mkeka, hata mahali pengine mkeka huo huelea juu ya maji. Mafunjo yanayokufa huangukia majini, na kwa kuwa chini mle hewa ya oksijeni ni haba, hayaozi upesi. Hujilundika yakawa tope jeusi lenye harufu ya yai bovu. Tope la namna hiyo likikaa maelfu ya miaka huwa ardhi ya mboji. Katika bonde la Kongo wataalamu walipima mwaka 2017 ardhi ya mboji yenye ukubwa wa kilomita za mraba 145,000 na zaidi.

Sasa nieleze habari ya kutembea. Msikanyage mkeka wa mafunjo hata kama mtoto wa pale ameukanyaga mbele yenu, yeye anapajua. Mwenzetu mmoja alijaribu, mguu ukazama mpaka pajani, na kiatu chake kimebaki huko hadi leo. Fuateni njia za ng'ombe juu ya ardhi ngumu, pamoja na mwenyeji, na kila mtu awe na fimbo ya kupimia mbele. Msiingie majini: kuna mamba, na maji yaliyotulia ni makao ya konokono wa kichocho. Viboko hula majani usiku na kurudi majini alfajiri kwa njia zao zilezile, hivyo msisimame katika njia iliyochimbika kama mfereji. Hayo yote yataka kuondoka Tarime na basi la kwanza na kurudi barabarani jua lingali juu, maana jioni mabasi hupita yamejaa nayo hayasimami.

Liko jambo jingine lililonipeleka huko. Mwezi wa Machi 2022, nilipokuwa shule ya msingi, maji ya Mara yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea. Serikali ilikataza watu kuyatumia kwa muda. Bibi yangu anakaa ukingoni upande wa Tarime. Tulikwenda kisimani mbali kila asubuhi na ndoo kichwani. Kamati iliyoundwa ilisema kwamba oksijeni ilipungua majini kwa sababu ya mimea iliyooza na kinyesi na mkojo wa mifugo. Watu wengi hawakuridhika, wakashuku sumu ya migodini. Bibi naye hajaridhika. "Ng'ombe walikuwapo tangu nilipoolewa," husema.

Yawezekana mto kukosa hewa kwa samadi peke yake: mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000 wa upande wa Kenya, kikisombwa na mafuriko, huua samaki. Kamongo hustahimili kuliko wengine, kwa kuwa ana mapafu na huja juu kuvuta hewa. Lakini kuwezekana siyo kutokea, nami nimemwambia Bibi hivyo. Chupa zetu huonyesha tope tu. Hazionyeshi oksijeni wala sumu. Mwalimu wa Kemia amekubali kutufundisha kupima oksijeni, nasi tumekusudia kupima katika madaraja yote mawili kila mwezi, masika na kiangazi, ili maji yakigeuka tena tuwe na hesabu za kabla yake.

Chupa ziko maabara, rafu ya juu karibu na dirisha. Apendaye kwenda nasi aandike jina lake kwa mwalimu wa Jiografia, aje na nauli ya kwenda na kurudi, na fimbo yake mwenyewe.