Viputo vidogo vinavyotoboa chuma cha injini

MAKANIKA afunguapo injini ya lori la dizeli iliyoanza kuchanganya maji na oili, mara nyingine hukumbana na ajabu. Silivu, yaani bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, huwa imetoboka kuanzia nje, upande unaoguswa na maji ya kupozea tu. Vijishimo vimesongamana ubavuni mithili ya ubao ulioliwa na mchwa.

Wengi husema ni kutu. Kutu imo, lakini haiko peke yake.

Dizeli inapowaka, pistoni huigonga silivu ubavuni nayo hutetemeka kama kengele. Ukuta wake unapojitenga na maji, shinikizo la mahali hapo hushuka ghafla na maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, kama yanavyofanya juu ya Mlima Kenya. Viputo vya mvuke huzuka. Ukuta unaporejea, viputo huporomoka, na vile vilivyokaribiana na chuma hukirushia mchirizi mwembamba wa maji wenye kasi kubwa. Alama ya kipigo kimoja mara nyingi haizidi upana wa unywele, ila vipigo havikomi. Mwaka wa 1917, mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alikokotoa kwamba kiputo kinachoporomoka chaweza kuzua shinikizo linalozidi la angahewa maelfu ya mara. Wakati huo kilichowasumbua wahandisi kilikuwa rafadha za meli.

Sasa turudi kwenye kutu. Chuma hujikinga kwa ngozi nyembamba ya oksidi. Kiputo huibandua, chuma kikabaki uchi mbele ya maji na oksijeni, kikashika kutu; kutu hiyo dhaifu nayo hubanduliwa. Shimo likishaanza, huwa kitalu cha viputo vingine. Ndiyo maana hasara ya maadui hawa wawili wakishirikiana hupita jumla ya hasara ya kila mmoja akiwa pekee.

Kulanti ya injini nzito haizuii viputo. Baadhi huwa na kemikali kama naitraiti, ambayo huirejesha ngozi ile kila inapobanduliwa, na yenyewe hupungua kadiri inavyotumika. Dereva anayeongeza maji ya mfereji kila rejeta inapopungua huizimua dawa hiyo pasipo kujua. Hata mfuniko wa rejeta, ambao wengi huudharau, una kazi hapa: hushikilia shinikizo ndani ya maji, na ukilegea viputo huzaliwa kwa wepesi zaidi.